Baba na Mti wa Mshazari

Fundi mwenzake baba, tuliyezoea kumwita Mcheshi, alisimama mlangoni na kofia mbili za kazini: yake na ya baba. Mama alikuwa anakunja nguo. Akaitazama ile kofia ya pili, shuka likamtoka mikononi.

"Shemeji, keti kwanza."

"Siketi. Sema."

"Jukwaa limelala. Kaka hatunaye."

Neno hilo, kulala, yaani jukwaa kuinama mpaka likaanguka, baba aliliogopa kuliko ugonjwa. Kazi yake ilikuwa kufunga majukwaa ya miti ambayo wajenzi na wapaka rangi husimama juu yake. Nikiwa kidato cha pili nilimsomea kwa majivuno: umbo la pande nne, jumla ya pembe zake ni nyuzi mia tatu na sitini. Akachukua vipande vinne vya mbao, akapiga msumari mmoja kila kona, akasimamisha mezani.

"Pima."

Kila kona, tisini. Akausukuma ubao wa juu kwa kidole. Fremu ikainama, ikazidi kuinama.

"Pima tena."

Pembe mbili zilikuwa zimesinyaa, mbili zimetanuka. Pande zilikuwa zilezile. Jumla ileile.

"Hesabu yako haina kosa, mama," aliniambia, "na waliokuwa juu wamekufa wote."

Kisha akapigilia kipande cha tano, cha mshazari, kutoka kona hadi kona. Zikawa pembetatu mbili. Nilisukuma kwa mikono yote miwili, fremu haikutikisika. Pembetatu, alisema, ukishafunga pande zake tatu, pembe hazina pa kukimbilia.

Usiku huo sikulala vizuri. Niliona kila mlango unainama.

Kila asubuhi baba alizunguka jukwaa zima akitikisa kona na kusali kimoyomoyo. Vijana walimtania, "Mzee Mshazari, utafunga mpaka mawingu?" Naye: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Mama alikuwa hali mpaka asikie hatua zake uani.

Mcheshi alitueleza. Msimamizi alitaka toroli zipite chini. Baba alikataa kutoa mishazari iliyoziba njia. Alipokwenda kuchukua kamba, mishazari ikatolewa. Aliporudi aliona kona ya chini si tisini tena. Wapaka rangi wawili walikuwa juu, wanaimba.

"Shukeni! Polepole, mmoja mmoja!"

"Mzee, umeshaanza!" mmoja akacheka.

Baba akaokota mti mmoja uliotolewa, akaingia chini ya jukwaa, akauegemeza kona kwa kona, akausukuma kwa bega. Hapo ndipo waliokuwa juu waliposikia miti inalia. Wa kwanza akashuka. Wa pili alipokanyaga ardhi, mti ukateleza, jukwaa likamwangukia baba.

"Alikuwa anatetemeka," Mcheshi alisema. "Niliona magoti yake. Lakini hakuachia."

"Alisema nini?" mama akauliza.

"Alikuwa anamwita Mungu, shemeji. Basi."

Tulimzika kesho yake mchana. Wale wapaka rangi wawili walishika jeneza mbele, hawakuthubutu kumtazama mama. Kamba zilipoanza kulishusha niliogopa, nikamshika mama mkono; wake ulikuwa baridi. Lilifika chini salama. Tukasali. Mama akatupa udongo, nami nikatupa. Wanaume wakafukia, tukaweka maua, tukamwachia Mwenyezi Mungu mja wake, tukarudi nyumbani kwa miguu.