Siku Kumi za Kumtazama Mbwa

Mbwa wetu alikaa nasi miaka miwili kabla sijajua anavyoshinda mchana. Naona heri niseme hivyo mapema, maana watu wakisikia habari hii hukimbilia kuniuliza alikuwa mkali kiasi gani, na mimi sina jibu. Nilikuwa namwona saa kumi na moja alfajiri nikimtilia maji, na saa moja jioni nikimpelekea posho, yaani ugali, iliyochanganywa na mukene kidogo, wale dagaa wa ziwani. Katikati ya hapo yeye alikuwa na maisha yake, na mimi nilikuwa kiwandani, mikono ndani ya glavu, nikipasua samaki.

Tulikaa Walukuba, pale Jinja, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi, ambamo ua mmoja unagawanywa na familia mbili. Mume wangu ni askari magereza, mtu wa kaskazini. Mimi ni wa Mbale, na mbwa naye alikuwa wa Mbale: kaka yangu ni seremala pale Nabuyonga, mbwa wake jike alizaa nyuma ya karakana, akatupa mtoto mmoja ndani ya boksi la misumari. Hatukumtaka kwa mapenzi. Tulikuwa tumeibiwa mara mbili mchana kweupe, kwanza mtungi wa gesi, halafu redio na blanketi. Nyumba isiyo na mtu mchana mtaa mzima huijua, na wezi ni watu wa mtaa.

Mume wangu alikuwa na sheria zake kuhusu mbwa, kama alivyo na sheria kuhusu kila kitu. Afungwe alfajiri, afunguliwe jioni. Asishikwe na mtu mwingine, asilishwe na mtu mwingine. "Mbwa akizoea watu, amekwisha," alisema. "Huyo atamfungulia mwizi mlango na kumkaribisha chai." Alimfundisha kwa Kiswahili kitupu, kwa kuwa kwake hiyo ndiyo lugha ya kazi: kaa, simama, rudi nyuma. Majirani Wasoga walimkemea kwa lugha yao naye akawatazama tu. Walicheka wakasema nyumba ile ina maafande wawili.

Tulimfunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma ya kamba ya nguo. Kwa kuzunguka kila siku alichora duara kwenye udongo, nyasi zikaisha ndani yake, nje zikabaki.

Aliyelijua duara lile kuliko sisi ni jirani yetu wa ua, mama mmoja mjane wa Kiislamu, ambaye wote tulimwita Hajati. Alikuwa akidarizi kofia, amekaa barazani kwake kuanzia asubuhi, na katika safu yetu nzima ndiye mtu mzima pekee aliyeshinda nyumbani. Mate ya mbwa yakigusa nguo yake, ilimbidi aioshe mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo, ndipo aswalie. Nani ana muda huo? Kwa hiyo alikuwa amepima. Jiwe lake la kufulia lilikuwa hatua mbili nje ya duara, na hapo alisimama na beseni lake bila wasiwasi, mbwa akimtazama. "Mimi na mbwa wenu tuna mkataba," alinitania. "Ana upande wake, nina upande wangu."

Watu wa mifugo walipita mara moja wakidunga mbwa sindano za kichaa cha mbwa. Walitangaza kwa kipaza sauti Jumanne, wakaja Jumatano. Jumatano sisi tulikuwa kazini. Jioni Hajati akaniambia, "Wamekuja, nikawaambia wenyewe hawapo. Sasa ningempeleka mimi? Ningemshika wapi?" Tukacheka sana. Mume wangu akasema watakuja tena mwakani.

Halafu kikaja kiangazi. Siku moja umeme ulikatika kiwandani, tukarudishwa nyumbani adhuhuri, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Nikamkuta mbwa amelala juani, ulimi nje, amefukua shimo ameingiza kifua ndani yake kutafuta ubaridi. Kivuli cha ukuta kilikuwa palepale mbele yake, mnyororo haukifikii. Roho iliniuma, nasema kweli. Kesho yake alfajiri nikachukua kipande cha kamba ya nailoni, nikakiunga kwenye mnyororo ili afike kivulini. Hatua nne hivi. Mume wangu sikumwambia, angesema namdekeza. Hajati sikumwambia kwa sababu gari la kiwanda lilikuwa linapiga honi barabarani na mlango wake ulikuwa bado umefungwa. Nikasema nitamwambia jioni.

Saa tano Hajati alisimama kwenye jiwe lake na beseni, mgongo kwa mbwa kama siku zote. Mbwa alimng'ata nyuma ya goti.

Sisi hatukujua lolote. Simu zetu kiwandani hufungiwa kabatini. Nilipofika saa moja jioni nilikuta ua umejaa watu wenye fimbo, na mmoja ana jembe. Mbwa alikuwa amejibana ukutani, pale pale nilipomtafutia kivuli. Nilipenya, nikamvuta mpaka kwenye nguzo, na nilipoinama kana kwamba nakaza mnyororo, nikaifungua ile kamba ya nailoni nikaikunja mfukoni mwa gauni. Hakuna aliyeona. Mpaka leo mkono wangu unaijua kamba ile.

Mume wangu akaingia, akasikia habari, akaomba apewe lile jembe. Hapo ndipo boda ikasimama na Hajati akashuka, mguu umefungwa bendeji.

"Afande, acha," alisema. "Weka chini hilo jembe."

"Hajati, mbwa huyu amenitia aibu."

"Aibu utakufa nayo baadaye. Mimi nataka kuishi. Wameniuliza hospitali kama mbwa ana cheti cha sindano. Nikasema hana. Wakasema afungwe, atazamwe siku kumi. Akibaki mzima, na mimi nimepona. Akiugua au akifa, nirudi kwao mbio. Sasa mkimuua leo, mimi nitajuaje?"

Watu wakateremsha fimbo moja moja. Hajati alikuwa amepata sindano ya kwanza. Kwa zilizobaki aliambiwa arudi siku ya tatu, huenda dawa itakuwepo. Muuguzi alimsifu kwa jinsi alivyoosha kidonda kwa sabuni na maji mengi kabla ya kwenda. "Nimefundishwa kuosha mate ya mbwa tangu nikiwa mtoto," alisema Hajati. "Leo imenifaa."

Sasa, nani wa kumtazama? Mtu anayetazama mbwa kwa ugonjwa ule hutazama mchana: anakula, anakunywa maji, mate yanamtoka, sauti imebadilika? Mume wangu aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akachekwa mpaka askari wa zamu wakaja kusikiliza. Mimi nilikuwa kibarua. Ukikosa siku moja kuna mwanamke mwingine getini anasubiri glavu zako. Tulikaa kwenye kizingiti tukihesabu ndugu, nani aitwe, nani hana kazi. Hajati alituacha tuhesabu mpaka tukachoka.

"Mimi ndiye niko nyumbani," alisema. "Nitamtazama mwenyewe."

Yaani aliyeng'atwa ndiye akawa mlinzi wa aliyemng'ata. Alihamisha mkeka wake kutoka barazani mpaka mahali anapomwona vizuri, akakaa na kofia zake. Posho nilimwachia mbwa alfajiri, na bakuli la maji Hajati akalisukuma kwa mpini wa ufagio. Alimsemesha kwa Kiswahili chake kizuri, laini, si kile cha amri. Jioni nikishuka kwenye gari nilikuwa nakimbia, nafika kwenye ua na kumwangalia yeye usoni kabla ya kumwangalia mbwa.

"Amekula. Amekunywa. Amelala. Haya, nenda kapike."

Siku ya tatu alirudi hospitali, akaambiwa dawa imekwisha, ajaribu wiki ijayo. Tangu hapo uhai wake ulikuwa umefungwa kwenye nguzo ile, na wote tulijua.

Katika jioni zile ndipo nilipoambiwa habari za mbwa wangu.

"Mkiondoka asubuhi huyu hulia mpaka saa tatu," alisema siku moja akikata uzi kwa meno. "Hamjui?"

"Siku hizi?"

"Siku zote. Miaka miwili. Ningewaambia ili iweje, mwache kazi?" Akaendelea kudarizi. "Adhana ya adhuhuri ikitoka na yeye anainua kichwa analia nayo. Astaghafirullahi, mimi huwa nacheka. Saa kumi anahamia upande wa barabara, anakaa anaangalia ile kona. Gari lako linakuja saa moja. Piga hesabu mwenyewe."

Nilipiga. Sikumwambia mume wangu. Angesema mbwa ni mbwa. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Usiseme tulimtesa, tulimpa chakula, tulimpa maji. Lakini kitu kinacholia mpaka saa tatu kila siku mlangoni pako, nawe huna habari, banange, jamani, hicho ni chako kweli?

Siku ya sita Hajati alinisubiri barabarani, akichechemea, tasbihi mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona nje ya ua bila sababu.

"Leo hakula," alisema.

Tulitembea mpaka ua, mimi mbele. Posho ilikuwa palepale kwenye bakuli. Mbwa alisimama, akatikisa mkia. Nilipoinama niliona bakuli limejaa sisimizi, posho nyeusi tii kwa sisimizi, na Hajati kwa umbali wake hakuweza kuwaona. Niliimwaga, nikapika nyingine, nikaiweka chini bado ya moto. Mbwa alikula yote, akalamba bakuli, akanywa maji. Hajati alikaa chini hapohapo kwenye udongo, yeye ambaye huwa hakai bila mkeka, akalia kwa sauti. Mimi nilisimama na mwiko. Ilikuwa nafasi nzuri ya kumwambia kuhusu kamba, nikaiacha ipite. Niliogopa, basi.

Siku ya kumi alikuja mtu wa mifugo, na viatu vyake vya mpira, akamzunguka mbwa mara mbili, akamrushia mfupa, akasema, "Huyu mzima kuliko mimi." Hajati alishukuru Mungu mara tatu, akaenda kuoga.

Jumamosi mume wangu alimpandisha mbwa kwenye lori linalopeleka mbao Mbale, akarudishwa kwa kaka yangu. Pale karakana watu wapo kutwa. Kaka alipiga simu akasema mbwa anazurura bila kufungwa, analala chini ya meza ya randa, hamsumbui mtu. Mume wangu alisema, "Si nilisema, amekwisha." Lakini alisema polepole, akaenda kukaa nje.

Jumapili nilikuwa nyumbani. Nilifungua mnyororo kwenye nguzo, na Hajati alikuwa anaanika nguo upande wake. Mbwa hayupo, hatari imekwisha, hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu. Sijui kwa nini nilisema siku ile na si nyingine.

"Hajati, siku ile mnyororo niliuongeza kwa kamba. Jua lilikuwa linamchoma, nikataka afike kivulini. Sikukuambia. Jioni nikaificha ile kamba."

Alikuwa ameshika shuka. Aliendelea kulinyoosha kwenye kamba ya nguo mpaka pembe zote zikalingana.

"Uliongeza," alisema.

"Niliongeza."

"Kwa hiyo mimi nilisimama mahali pangu."

"Ulisimama mahali pako."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena. "Mwanangu, unajua nimekaa siku kumi hapa nikimtazama mbwa, na nikijitazama mimi? Nilisema macho yamekwisha. Nilisema, mwanamke uliyepita hapa kila siku, leo umeingia mwenyewe kwenye mdomo wa mbwa, akili zimeondoka. Nimempigia binti yangu Iganga nikamwambia aje anichukue, sifai tena kukaa peke yangu. Anakuja Jumanne. Hizo kofia nimeshazifunga kwenye gunia."

Nilisema samahani, nikasikia ilivyo ndogo.

"Ulimhurumia mbwa," alisema. "Sawa, hata mimi nilimhurumia. Lakini mimi je? Mimi sikuwa hapa?"

Alitoa simu kwenye mfuko wa gauni, akampigia binti yake mbele yangu, kwa sauti ya mtu mwenye afya. "Usije. Siendi popote. Macho yangu mazima." Kisha akachukua beseni lake tupu, akaingia ndani. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka, na katika miaka yote tuliyokaa pale mlango wa Hajati mchana haukuwa umewahi kufungwa naye akiwa ndani. Nilimsikia akigeuza ufunguo.