Majina Anayotutunzia Dobi

Mimi si mtu wa kusifia watu ovyo. Ukinifanyia kitu vizuri nitakuambia "sawa", ukikiharibu mtaa mzima utajua. Kwa hiyo nikisema dobi wa mtaa wetu namvulia kofia, ujue sitii chumvi.

Tunamwita Dada Mkubwa, ingawa nimemzidi miaka mitatu. Alipozaliwa walimwita mtoto wa kiume; yeye alijijua ni mwanamke tangu hajaanza shule, na kwa kujua huko akafukuzwa kwao na mfuko mmoja wa nguo. Safari yangu mimi ilielekea upande wa pili: nililelewa binti, leo ni mwanamume mwenye kidevu cha kunyoa na kibanda cha kutengeneza simu. Tulikuwa kumi na mmoja wa namna hiyo tuliojuana katika mji huu, na kila mtu angeshika njia yake zamani kama si chumba cha nyuma cha huyo dobi.

Chumba chenyewe si cha kujivunia. Kuna meza ya pasi iliyotandikwa blanketi lililoungua pembeni, kamba tatu kutoka ukuta hadi ukuta, na ndoo ambazo hazijawahi kukauka. Jumapili mchana tunakusanyika pale kukunja mashuka ya nyumba za wageni. Anayekuja na shida anapewa shuka ashike upande mmoja, na mashuka yakifika kumi huwa ameshaisema. Dada Mkubwa hamhubirii mtu. Anasikiliza, anapiga pasi, kisha anauliza, "Umekula?" Nilipotimuliwa kwenye nyumba niliyopanga, nilikaa kwake wiki mbili, wala hajawahi kunikumbusha.

Tulikuwa na sheria moja: jina la zamani haliulizwi. Ulilopewa utotoni, lililo kwenye kitambulisho, liache mlangoni pamoja na viatu. Tuliionea fahari sheria hiyo, mimi kuliko wote. Hatukuwaza kwamba siku moja ingetuponza.

Kicheko alikuwa mdogo wetu kuliko wote, msusi, mwanamke wa kucheka mpaka mteja anamsihi amalize kichwa kwanza. Jumatatu moja asubuhi gari lilimgonga akienda kazini. Wapita njia wakampeleka hospitali, akafa kabla ya saa sita. Sisi tulipata habari Jumatano, kwa mwenye saluni aliyechoka kumsubiri akaanza kuulizia.

Tulikwenda watatu chumba cha maiti: Dada Mkubwa, mimi, na mshona viatu mmoja wa kwetu. Mhudumu, mzee mwenye koti la bluu lililochakaa viwikoni, alifungua daftari.

"Jina?"

"Kicheko," nikasema.

"Bwana, nataka jina la kwenye kitambulisho."

Tukatazamana. Miaka sita tumekula naye, tumemuuguza, tumegombana naye na kupatana, na hakuna hata mmoja aliyelijua jina hilo. Mzee akaeleza kwa upole kwamba hawezi kutufunulia maiti mmoja baada ya mwingine tuchague. Akasema wasiochukuliwa na ndugu huzikwa na mji kila Ijumaa, kaburi la pamoja. Zilibaki siku mbili.

Damu ikanichemka. Nikapiga meza, nikamtolea mzee wa watu maneno ambayo leo nayaonea haya. Dada Mkubwa akanishika bega.

"Kaka, jikaze kisabuni. Mwenzio yuko kazini." Kisha akamgeukia mzee. "Baba, nguo walizokuja nazo mnaziweka?"

"Ziko kwenye mifuko, kila mfuko na namba yake."

"Basi nakuomba utazame ndani ya ukosi wa mashati meupe. Mimi ni dobi. Nguo za watu naziwekea uzi zisichanganyike. Lake la kazini lina mishono miwili ya zambarau. Nililipiga pasi Jumapili kwa mkono wangu."

"Mashati meupe ni mengi, binti yangu."

"Ndiyo maana naweka uzi."

Alivyomwita "binti yangu" bila kusita, hapo hasira zilianza kunitoka. Mzee aliingia ndani akakawia. Aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Namba thelathini na saba," akasema. "Kaka yake tulimpigia. Alisema hawana mtu kama huyo kwao."

Akaligeuza daftari, akaweka kidole kwenye mstari, akafungua kinywa asome.

"Tafadhali," Dada Mkubwa akasema, "usilisome kwa sauti."

Mzee akafunga kinywa. Dada Mkubwa akalisoma jina kwa macho, akalifunika kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akatia sahihi. Palipoulizwa uhusiano akaandika: dada. Jina lile hajatuambia mpaka leo, wala hatujamwuliza.

Ijumaa ileile tulimzika wenyewe, katika kaburi lake peke yake. Wasusi wenzake walimsuka, naye alivaa gauni la kijani lililonyooka kila mkunjo. Kwenye kibao tuliandika Kicheko. Nililia mbele za watu, na sijutii.

Jumapili iliyofuata Dada Mkubwa akagawa bahasha. "Kila mtu aandike jina la kitambulisho, afunge mwenyewe. Sitafungua hata moja mpaka tufikwe na jambo kama hili."

Nikawa mbogo. Jina lile nimelikimbia miaka kumi na tisa, na kila nikilikumbuka namsikia baba yangu akiniita anichape.

"Mimi siandiki," nikasema. "Nikifa nitupeni."

"Tutakupata wapi tukutupe?" akauliza.

Wenzangu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nikatoka nimenuna.

Nilirudi siku ya tatu, mchana, yupo peke yake. Hakusema "nilijua utakuja", na kwa hilo tu namshukuru. Alisukuma kalamu upande wangu, akanipa mgongo, akaendelea na pasi. Mwandiko ulitoka wa mtoto wa darasa la kwanza. Nilifunga bahasha nikaitia kwenye kisanduku cha bati pamoja na zingine, nikazihesabu. Zilikuwa tisa, nasi tumebaki kumi.

"Nani hajaleta?" nikauliza, tayari kwenda kugombana naye.

Akaisimamisha pasi. "Mimi. Hakuna aliyeniomba."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Sisi tisa tulikuwa tumemkabidhi vifo vyetu, na hakuna aliyefikiri kwamba na yeye atakufa. Nikamsogezea karatasi na kalamu, nami nikamgeuzia mgongo. Akaandika haraka, akafunga, akanitia bahasha mkononi.

"Kaa nayo wewe," akasema. "Una domo, lakini siri yangu hujawahi kuitoa."

Iko kibandani kwangu, kwenye droo yenye kufuli. Namshukuru Mungu kunipa dada wa kunipa kitu kama hicho. Na kila ninapofungua kibanda asubuhi namwomba jambo moja: awe yeye wa kuifungua bahasha yangu, nisiwe mimi wa kuifungua yake.