Achanja kuku kwa maelfu, sindano ya mafua aipiga chenga

Jua halijachomoza, na banda la tatu limeshaanza kelele. Mitetea, kuku wa kike ambao hawajaanza kutaga, wamesukumwa upande mmoja na kuzuiwa kwa wavu. Upande wa pili kuna maranda makavu tu. Katikati, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi mwanamume mwenye bomba la sindano lenye mpini kama wa bastola, na chupa ya dawa imening'inia shingoni mwake.

Mshikaji, msaidizi wake wa kukamata kuku, anamsogezea mmoja, mabawa yamebanwa, kidari mbele. Sindano inaingia na kutoka. Kuku anaachiwa upande wa pili, anajikung'uta na kuanza kulalamika. Kabla hajamaliza malalamiko yake, mwenzake ameshamfuata.

Hapa shambani wanamwita Sindano, na wengi hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na amekuwa akizunguka kwenye mashamba ya kuku wa mayai kwa muda wa miaka kumi na minane. Asubuhi moja ikienda vizuri, yeye na mshikaji wake huchanja kuku wapatao elfu moja na mia tano. Hulipwa kwa idadi ya kuku. Asipofika kazini, hapati kitu.

"Kuku hana shida," anasema bila kuinua macho. "Shida ni mwenye kuku. Ukimwambia chanjo hii irudiwe baada ya miezi mitatu, anakutazama kama unataka kumwibia. Kundi likianza kufa ndipo anakutafuta kwa simu."

Mtu anayesema maneno haya, kwa miaka yote aliyofanya kazi hii, hakuwahi kukubali kuchomwa chanjo ya mafua. Kila msimu wa baridi unapokaribia, shamba hualika nesi kutoka zahanati ya jirani aje kuwachanja wafanyakazi wanaotaka. Ni hiari, ni bure, na kila mwaka Sindano alikuwa na udhuru.

Mshikaji wake anazikumbuka nyudhuru zote, na anazisimulia kwa raha. "Mwaka mmoja alisema tumbo linamsokota. Mwaka uliofuata alipanga foleni vizuri kabisa, tulipogeuka hayupo. Tulimkuta nyuma ya stoo anaosha mabomba yaliyokwisha kuoshwa. Mtu anachoma kuku kutwa nzima, akiiona sindano ya binadamu anatokwa na jasho."

Sindano anamwacha acheke mpaka atosheke. Kisha anajitetea, na utetezi wake ameutoa humu humu bandani.

"Kuku akichanjwa anazubaa siku moja, mbili. Anasimama pembeni amejikunyata, hata chakula hakitaki. Nawaambia wenye kuku wawaache wapumzike. Sasa mimi nikizubaa, nani atanipumzisha?"

Hiyo ni sababu moja. Nyingine iko kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, ambacho anakinyoosha kionekane. Ncha yake imekakamaa na ukucha umeota upande. Kuku akikurupuka wakati sindano iko njiani, inayochomwa ni mkono wa mchanjaji, na Sindano ameshajichoma mara nyingi kupita anavyoweza kukumbuka.

"Dawa zote za kuku zimepita humu," anasema. "Ya mdondo, ya mafua ya kuku, sijui ya nini. Mimi nilijua nimechanjwa kuliko mtu yeyote hapa."

Hasemi hivyo kwa mzaha. Wachanjaji wengi wa kuku wanaamini jambo hilo. Kijana akijichoma kwa mara ya kwanza, wakongwe humpiga bega na kumpongeza kwamba sasa mafua atayasikia kwa majirani. Sindano alipongezwa hivyo, naye amewapongeza wengine.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na ukumbi mdogo ambako cherehani imewekwa karibu na mlango, ipate mwanga. Yeye ni mtalaka, na watoto wake wawili wanajitegemea. Anaishi na dada yake, mshona sare za shule, ambaye anamzidi umri kwa miaka kumi na mmoja na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki.

Dada huyu aliugua kifua kikuu akiwa msichana. Alipona, lakini pafu moja lilibaki limechakaa. Yeye huchanjwa chanjo ya mafua kila mwaka, bila maneno mengi, kama mtu anayekwenda dukani kununua uzi.

Msimu wa baridi uliopita Sindano alirudi kutoka kazini anatetemeka. Alilala siku nne na homa, akajifunika gubigubi, akainuka na kurudi kwa kuku wake. Wiki haikuisha, dada yake akakimbizwa hospitali akihema kwa shida. Alikaa huko wiki mbili, akipumulia oksijeni. Daktari aliwaeleza kwamba chanjo yake ilimsaidia, pengine hata ilimwokoa, lakini kwa mapafu kama yale haiwezi kubeba mzigo wote peke yake.

"Sikujiuliza ugonjwa ule aliutoa wapi," anasema Sindano. "Au nilijiuliza, nikajikausha."

Pengine angeendelea kujikausha mpaka leo. Jioni moja, wiki tatu hivi zilizopita, alirudi nyumbani koo limejaa vumbi la maranda. Akiwa anavua mabuti mlangoni, alikohoa. Cherehani ikanyamaza. Dada yake akakunja kitambaa, akachukua mkeka na shuka, akatoka bila kuaga. Alirudi asubuhi, mdogo wake akiwa ameshakwenda kazini.

Wiki iliyofuata alikohoa tena, na dada akaondoka tena. Safari hiyo Sindano alimfuata jirani, mama mmoja anayeuza mkaa, akamuuliza kulikoni.

"Kwani hujui?" jirani alimjibu. "Kila ukikohoa huja kulala kwangu. Tangu alipotoka hospitali."

Sindano anaposimulia hapa anaacha kumtazama anayemsikiliza. "Niliumia kuliko siku niliyomkuta na mpira wa oksijeni puani. Huyu alinibeba mgongoni. Nilipougua surua alilala na mimi kitanda kimoja. Leo ananikimbia, na hataki hata nijue kwamba ananikimbia."

Dada mwenyewe, alipoulizwa, hakukana. Aliendelea kukanyaga cherehani yake huku akijibu.

"Nimwambie nini? Asikohoe? Kazi yake ni vumbi. Na kwenda kuchanjwa, nikimlazimisha atakwenda, halafu bega likimuuma nitaimbiwa mwezi mzima. Nikaona kwa jirani ni karibu, ya nini kugombana?"

Wiki ile ile nesi alifika shambani na kisanduku chake cha baridi. Kwa mara ya kwanza Sindano hakuwa nyuma ya foleni. Alikuwa wa tatu. Lakini zamu yake ilipofika hakuketi, alisimama mbele ya meza na kunyoosha kidole gumba.

Nesi alikishika, akakigeuza, akakibonyeza.

"Hii siyo kinga, kaka. Hili ni jeraha. Dawa za kuku zilizochanganywa na mafuta zikibaki ndani ya kidole zinaweza kukiozesha. Ukijichoma tena, uende hospitali siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo miaka yote hii..."

"Miaka yote hii umekuwa na kidole kibovu tu."

Foleni iliangua kicheko. Sindano hakucheka. Aliuliza swali ambalo, kwa maelezo ya mshikaji wake, liliwanyamazisha wote: akichomwa, ndiyo atakuwa hayapeleki tena mafua nyumbani kwa mgonjwa wake?

Nesi hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Siwezi kukuahidi hilo. Unapunguza nafasi ya kuyapata, na usipoyapata huna cha kumpelekea. Kirusi hiki hubadilika, ndiyo maana dawa hutengenezwa upya kila mwaka. Kuna mwaka inalenga sawasawa, kuna mwaka inakosa kidogo."

"Na kuzubaa?"

"Bega litauma. Unaweza kuwa mchovu siku moja au mbili, hata kahoma kidogo. Hayo siyo mafua, kirusi kilichomo kimeshauawa."

Sindano akashukuru, akatoka kwenye foleni. Mshikaji anasema yeye mwenyewe aliinua mikono juu, akajua mambo ni yale yale, mtu keshakula kona. Kumbe Sindano alikwenda kwa msimamizi kuomba kundi la kesho yake lisogezwe mbele siku moja. Alikubaliwa, pamoja na kukumbushwa kwamba siku asiyofanya kazi haina malipo. Akarudi, akaketi, akakunja mkono wa shati.

"Nilimshika ule mkono mwingine kama ninavyoshika kuku," anasema mshikaji. "Alifumba macho. Akauliza, tayari? Nesi akamwambia, nimeshamaliza zamani, baba, amka umpishe mwenzako."

Kesho yake Sindano alizubaa kweli, tena kwa kujitolea. Alijikunyata kitandani, bega zito, mwili una joto, akikataa chai aliyoletewa. Kufikia jioni alikuwa anaomba chakula. Siku iliyofuata alikuwa juu ya ndoo yake bandani, na mdomoni amevaa barakoa ya vumbi, kitu ambacho wenzake walikuwa hawajamwona nacho.

Nesi alimweleza kwamba kinga huchukua wiki mbili hivi kujengeka mwilini. Sindano ameyachukua maneno hayo kama sheria. Tangu alipochomwa, akirudi kutoka kazini hali ndani. Chakula chake hukilia kwenye kizingiti, mgongo ameuelekeza ukumbini.

Ndivyo alivyo jioni hii, sahani iko magotini. Cherehani inanyamaza ndani. Dada yake anatoka na sahani yake, anavuta kigoda na kuketi hatua chache kutoka alipo.

"Wiki mbili hazijaisha," Sindano anamwambia.

"Najua kuhesabu," anajibu dada, akianza kula.

Wanakula. Kisha Sindano anaueleza mpango wake. Mwaka ujao hatamsubiri nesi wa shambani. Siku dada yake atakapokwenda zahanati kuchanjwa, watakwenda wote, na hivyo kila mwaka.

"Sawa," anasema dada. "Ila utatangulia wewe kuingia. Mimi nitashika mlango."

Sindano anacheka kidogo, anakula, kisha anaacha kula.

"Na nikikohoa, Dada?"

Dada yake anamaliza tonge lake kwanza.

"Nitakwenda kwa jirani vilevile," anasema. "Lakini nitakuaga."