Roboti Anayeogopa Kuku

Juzi asubuhi pale Kitshanga, mji uliochoshwa na vita, nilikuwa nachaji simu kwenye duka la kuwekea watu filamu kwenye simu, na mama mwenye duka akitusimulia katuni ya Kijapani anayoipenda kuliko zote. Akaingia askari, bunduki begani.

"Mama, uniwekee filamu ya vita mu telefone."

Sisi wateja tulisogea kando. Mama hakusogea.

"Vita unaiona kila siku, kaka. Kamata hii. Iko roboti ya kupigana, lakini inaogopa kuku."

"Roboti inaogopa kuku?"

"Sana! Inakimbia mpaka ku mwezi."

Askari alimkazia macho. Mimi nikautazama mlango. Kisha akasema, "Onyesha kidogo."

Mama akageuza kompyuta. Roboti alipompigia jogoo magoti, askari alicheka mpaka akaegemeza bunduki ukutani ajifute machozi. Simu yake ikalia. Akasimama wima kumjibu mkubwa wake.

"Ndiyo, shefu! Niko mu pozisyo, nalinda!"

Alipokata simu, akavuta kiti. "Mama, endelesha."

Wasomaji wangu, mkisikia asubuhi ile Kitshanga ilitulia, msiwashukuru haraka wakubwa na mazungumzo yao ya amani. Itafuteni hiyo katuni.