Leo nimefunguliwa leseni

Jumatano. Madereva wenzangu wa Muaither, huku ughaibuni,

Leseni nimerudishiwa, lakini darasa zima limenicheka.

Ilifungiwa kwa pointi za makosa, kushika simu barabarani, na bosi alisema nisipoipata wiki hii nirudi Tanga. Ili ifunguliwe, lazima kwanza uhudhurie darasa la usalama.

Mwalimu, Msudani mmoja mpole, akaniuliza: "Mama akipiga unaendesha, utafanyaje?"

"Atakata mwenyewe, ustadhi. Huwa anauliza kwanza, mwanangu, uko barabarani?"

"Kwa hiyo umeshapokea."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka.

"Na akipiga tena?"

"Hapigi tena. Walimzika mwezi uliopita, mimi nikiwa huku."

Mwalimu akaniwekea mkono begani. Akasema Mungu amrehemu, akanipitisha.

Nimechoka, jamani. Kesho narudi kazini, na simu nitaiweka kwenye buti la gari.

Mkiomba dua leo, mtukumbuke mimi na yeye.