Jiwe tulilofulia nguo miaka yote Katubuka, kumbe ni la bwana misitu wa enzi za mkoloni

Wakuu, poleni na majukumu. Haya nayaandika mdogo wangu Neema akiwa pembeni ananikosoa, kwa hiyo chumvi sijaongeza.

Mimi ni dobi, naishi Katubuka, Kigoma. Niliacha shule darasa la sita baada ya wazazi kufariki kwa kufuatana, nikabaki na wadogo watatu. Nguo za maofisa wanaohamishiwa huku ndizo zimewakuza.

Nafulia nyuma ya nyumba, juu ya jiwe bapa kama ubao wa meza ndogo. Mama alifulia hapo kabla yangu.

Marehemu baba alikuwa kibarua kwenye msitu wa serikali upande wa Kidahwe. Kuhusu jiwe lile alikuwa na amri moja tu: "Fulieni, kalieni, lakini msiligeuze."

Sababu hakusema. Sisi tuliamini chini kuna jini.

Mwezi uliopita maji ya sabuni yalikuwa yamekula udongo upande mmoja, jiwe likawa linayumba. Nikaazima mtaimbo, Neema akashika upande wa pili, tukaligeuza.

Wakuu, lilikuwa na maandishi!

Mtaimbo ulinitoka mkononi. Yaani miaka yote nafulia mashuka ya watu juu ya jiwe la kaburi?

Neema yuko kidato cha tatu, Kiingereza anakisoma vizuri. Akapangusa tope, akasoma kimya, akaniangalia.

"Kaka, si la kaburi. Ni la kumkumbuka bwana misitu mmoja Mwingereza, aliyeanzisha msitu ule aliofanya kazi baba."



Kwenye njia ya kuingia msituni kuna nguzo ya mawe yenye pengo kifuani. Tangu utoto nasikia watu wakisema jiwe lake liliibwa, na mwizi alikuwa mtu wa ndani.

Mtu wa ndani. Baba.

Muelewe kwamba wadogo zangu hawakurithi shamba wala ng'ombe. Wamerithi jina la baba. Bahati, anayenifuata, aliwahi kuja na kuku wa jirani. Nilimpitisha mtaa mzima akamrudishe, nikimwambia baba yetu hakugusa cha mtu.

"Tulilaze lilivyokuwa," Neema akasema. "Nani atajua?"

"Wewe umeshajua."

Asubuhi nikaenda ofisi ya misitu kujieleza. Nilitegemea pingu. Ofisa akanisikiliza, kisha akampigia mstaafu mmoja wa Ujiji aliyewahi kuwasimamia vibarua. Tukaongozana wote hadi nyumbani.

Mzee alipoliona jiwe akavua kofia.

"Wewe ni mtoto wa Ruben?"

"Ndiyo, shikamoo mzee. Mimi ndiye wa kwanza."

"Marahaba. Jiwe hili nilimfungia baiskelini mimi mwenyewe."



Akasema watu walikuwa wanakuja na sururu kubomoa ile nguzo, wakiamini Mjerumani alificha rupia nyuma ya jiwe.

"Lakini huyu alikuwa Mwingereza," Neema akadakia.

"Mwenye sururu hajali, binti yangu. Mzungu ni mzungu."

Ndipo mzee alipomwambia baba alifiche, alilaze kifudifudi maandishi yasilike, na asimwonyeshe mtu lilipo, hata yeye mzee. Baadaye mzee akahamishwa. Aliporudi, baba alikuwa ameshafariki. Watu waliposema limeibwa akanyamaza, akaona bora lisitafutwe.

"Na walipomtafuta mwizi wa ndani, mzee?"

Akainama.

"Hapo nilikosa, mwanangu."

Wiki iliyopita jiwe limerudishwa kwenye nguzo. Nimelisugua mwenyewe. Mzee alisimama mbele ya watu wa Kidahwe, akamtaja baba kwa majina yake yote, akasema huyo ndiye aliyelitunza, na aliyenyamaza ni yeye mwenyewe. Bahati, na ndevu zake zote, alilia.

Nyuma ya nyumba kumebaki shimo la pembe nne. Sijalifukia.

Kinachoniuma ni kwamba mtu aliyenifundisha uaminifu nilimwita mwizi moyoni kabla tope halijakauka. Wenzangu, msiwahukumu wazazi wenu haraka hivyo, na walio hai waulizeni sasa.

Kwenu mlikatazwa kugusa nini bila kuelezwa? Semeni, nasoma zote.