Kimya cha Shangazi

Kazini walimwita Dobi, kwa sababu sauti yoyote iliyopita mikononi mwake ilitoka safi kuliko ilivyoingia. Mhariri huyu wa vipindi hakuvumilia hata pumzi ya mtu. Feni, kuku, mlango wa jirani, vyote alivifuta bila huruma.

Asubuhi moja alijikuta mbioni. Kituo cha televisheni kilikuwa kimemrudishia faili ya kipindi cha watu waliopotea. Kule, kabla binadamu hajatazama chochote, mtambo hupima kila faili: ukubwa wa picha, kasi yake, nguvu ya sauti. Mtambo hauna shangazi wala mjomba. Ulisema tu kwamba katikati sauti imekatika. Faili sahihi isipofika kabla ya adhuhuri, nafasi ya jioni ingepewa kipindi kingine.

Yeye shangazi alikuwa naye, na ndiye aliyehojiwa humo kuhusu mwanawe wa pekee, aliyetoweka tangu mwaka juzi. Familia nzima ilikitegemea kipindi hicho. Huenda kijana mwenyewe angekiona.

Dobi akafungua faili. Shangazi aliulizwa mwanawe aliondokaje, akainamisha kichwa, akanyamaza. Kimya kile Dobi alikuwa amekisafisha mno, hata mtambo ukadhani ni hitilafu. Dawa ilikuwa rahisi: kurudisha sauti ya awali na kelele zake. Akairudisha, akavaa spika za masikioni, akasikiliza.

Chini ya mvumo wa feni, shangazi alikuwa ananong'ona.

"Nilimfukuza mimi."

Dobi akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Wote waliambiwa kijana aliondoka bila kuaga. Mume wa shangazi, mtu mwepesi wa hasira, alikuwa amemaliza hospitali na vituo vya polisi akimtafuta. Kuyafuta maneno yale kulikuwa kazi ya kubonyeza tu, na kidole kilishafika. Aliogopa kuyafuta, aliogopa kuyaacha. Akampigia shangazi, akamweleza alichosikia.

Shangazi akashusha sauti.

"Baba yake hajui," akasema. "Naogopa, mwanangu. Lakini yule mtoto hawezi kurudi mpaka anisikie nikisema. Yaache."

Dobi akatoa faili upya, akaituma. Mtambo ukaikubali.

Jioni aliketi sebuleni kwa shangazi na mumewe, wakitazama kipindi. Swali likaulizwa. Kwenye kioo cha televisheni shangazi akainamisha kichwa, na feni ikavuma. Mume wa shangazi akachukua rimoti, akaongeza sauti.